Karani wa Vipande Sita vya Uzioni

Karani wetu alitoa jani kwenye mfuko wa koti, limefungwa ndani ya leso nyeupe, na kabla hajafungua leso nilijua tumekwisha.

Mkaguzi alikuwa amebakiza ukurasa mmoja. Mwanamke mrefu, kofia pana, mpole wa maneno. Alikuwa ametembea vipande vyetu vyote sita tangu asubuhi, akainama, akanusa udongo, akauliza mbolea imetoka wapi, mbegu imetoka wapi, na kila swali lilikuta jibu lake limelala kwenye faili linamsubiri. Ulikuwa mwaka wetu wa tatu. Ofisi inayotukodisha ardhi ilisema wazi tangu mwanzo: mwenye cheti cha kilimo hai mwisho wa mwaka wa tatu atapewa mkataba wa miaka kumi; asiye nacho, kipande kinarudi. Kwa hiyo ile kalamu ya mkaguzi ndiyo ilikuwa shamba letu. Ikitia sahihi tunabaki. Isipotia tunaondoka, na mimi nimeondoka sehemu nyingi mno maishani.

Wiki moja kabla yake, Bwana Derek, jirani wa ng'ambo ya uzio anayelima mahindi, alipiga dawa ya kuua magugu siku ya upepo. Matembele yetu yakajikunja kama vidole vya mtu aliyeungua. Alfajiri ya siku ya ukaguzi mimi na Mama Riziki tulichuma majani yote yaliyojikunja, tukajaza mifuko minne myeusi, tukaificha chini ya turubai. Tulikuwa tumemwambia Karani tusiseme kitu. Alinyamaza, tukadhani amekubali.

"Samahani, bibi," alimwambia mkaguzi kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kuna jambo hujaonyeshwa."

Nikamwambia kwa Kiswahili, huku nikimtabasamulia mkaguzi asielewe: "Karani, ukifungua hiyo leso Mungu anakuona."

"Ananiona, Mama Neema," akasema. "Ndiyo maana."

Akafungua.

Nilimchukia mtu yule mwaka mzima. Naandika haya ili nieleze nilimchukia nani, na nani nilipaswa kumchukia.

Tulimwita Karani. Jina lake alikuwa nalo, lakini hakuna mwanamke wa kundi letu aliyewahi kulitumia. Ukoo wake sijui, na sitajifanya najua. Najua kwamba ujana wake aliufanyia Moshi, kwenye chama cha ushirika, anaandika magunia ya kahawa yanavyoingia na yanavyotoka. Najua aliposhuka Toronto aliajiriwa kwenye kiwanda cha vyakula, akakaa miaka mingi akitunza mafaili ya nani kapika nini lini. Alikuwa Mhindi wa kwetu, Mwismailia, anakaa Don Mills kwa binti yake. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na hilo liliniuma kidogo, maana mimi Kiswahili cha Kivu nilikilainisha kambini Kigoma, na shule niliishia darasa la tatu.

Alitupata kwa kosa letu. Mama Riziki, Mrundi, jirani yangu wa ghorofa ya juu pale St. James Town, alikuwa anauza lengalenga, mchicha wa kwetu, kwenye sherehe ya jamii, na mbele ya meza tulikuwa tumeweka ubao tuliomwandikisha binti yangu Neema, kwamba mboga hizi ni za kilimo hai. Kwa nini tusiandike? Hatukupiga dawa. Mama zetu hawakupiga dawa. Akaja mzee amevaa koti na tai kwenye joto la Julai, akasimama mbele ya ubao kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Hili neno lina wenyewe," akasema. "Huwezi kuliandika bila cheti."

Mama Riziki akamtazama kuanzia viatu kupanda juu. "Muhindi, unanunua au unakagua?"

"Nanunua mafungu mawili. Halafu nakagua."

"Na wewe unauza nini?"

"Nauza tarehe, mama."

Akalipa mafungu yake, akakunja ubao wetu mwenyewe kwa adabu, akauweka chini ya meza. Jumamosi iliyofuata gari la kanisa lilipotushusha shambani, kaskazini ya mji kando ya barabara kuu, tulikuta gari lake kuukuu limeshafika, na yeye amekaa ndani amefunga vioo kwa kuogopa nyuki.

Kwa sababu alikuwa mwoga. Mtu aliyetufundisha kilimo hai aliogopa nyuki, aliogopa mnyoo wa ardhini, na matope aliyaogopa kuliko vyote viwili. Alikuja na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, akivifunga mifuko ya plastiki ya dukani, mmoja huku mmoja kule, akatembea kwenye matuta anachakacha kama mtu aliyevaa karatasi. Jembe hakulishika hata siku moja. Mama Riziki alimtania: "Karani, wewe unalima kwa macho." Naye: "Na macho yangu hayana malengelenge." Nyanya za nyumbani kwake alinunua zile za bei ya chini kabisa, zile za kung'aa. Nilimwuliza mbona hali kilimo hai anachokihubiri. Akasema, "Mimi natunza mafaili ya chakula, sikusema ninakila." Sukari alikatazwa na daktari, lakini ndani ya faili la mbolea, nyuma ya kurasa, alificha biskuti ili binti yake asizione. Tulizikuta. Alitusihi tusimwambie, yeye aliyetuambia kila siku kwamba mkulima asifiche kitu.

Alikuwa na misemo yake. Shamba halina mdomo, alisema, karatasi ndiyo mdomo wake. Mkaguzi hali mchicha, anakula tarehe. Na ule mkubwa, aliourudia mpaka tukawa tunaumalizia kwa pamoja kama kiitikio cha kanisani: kisichoandikwa hakikufanyika.

Hapo ndipo tulipogombana naye mwanzoni, kwa sababu sisi tarehe hatuna. Hatukosi kumbukumbu, tunakosa tarehe. Ukiniuliza ni lini nilimwaga mbolea ya mbuzi kwenye maharage, nitakwambia: ni siku ile tuliyotoka kwenye msiba wa mama yake fulani, mvua ikatukamata njiani. Wote sita tunakumbuka hivyo. Watu wa ofisini walishatuletea fomu zenye visanduku, tukavijaza ovyo, kila kazi ikawa imefanyika tarehe moja ya mwezi. Karani alizisoma fomu zile akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna ofisi ingelifikiria. Alikwenda kwa mchungaji wetu, yeye Mwismailia anayesali jamatkhana, akaomba kalenda ya kanisa na orodha ya matangazo ya kila Jumapili. Akakaa nasi kwenye ndoo zilizogeuzwa.

"Ubatizo wa mtoto wa Mama Riziki. Kabla yake au baada?"

"Kabla. Nilikuwa bado na tumbo kubwa, nilipanda nimekaa."

"Wiki ngapi kabla?"

"Sita. Maana ndiyo wiki kwaya iligombania sare."

Anapekua, anaweka kidole. "Jumamosi ya pili ya Mei. Mama Neema, andika."

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi, kwa hilo darasa langu la tatu. Wasioandika aliwachorea: toroli ni mbolea, tone ni mvua, mkono ni palizi. Kila mmoja akawa na daftari lake la shule. Misiba, harusi, ubatizo, vipaimara, vyote viligeuka kuwa tarehe za kilimo. Mwisho aliijua kalenda ya kanisa letu kuliko mchungaji, na alianza kuja misibani kwetu, amekaa nyuma, amekunja mikono, akila wali na maharage kwa kijiko alichotoka nacho nyumbani.

Ukali wake niliuonja kwenye maharage ya waridi. Bwana Derek, huyu huyu, mwaka wetu wa kwanza alikuwa amemwita Mama Riziki kwenye uzio, akampa kopo la maharage ya mbegu yaliyopakwa dawa, rangi ya waridi kama pipi. Kwetu mbegu haikataliwi. Mtu akikupa mbegu amekupa ujirani. Ukikataa umemwambia nyumba yake ina uchawi. Mama Riziki alijua rangi ile ni dawa. Akaenda nayo nyumbani, akaiosha kwa maji ya majivu usiku na asubuhi mpaka maharage yakawa meupe, akayapanda kwa moyo mweupe kabisa. Mbegu imeoga, ina kosa gani tena?

Karani aliona kucha. Kucha za Mama Riziki zilikuwa na waridi pembeni, na mwanamke yule hajawahi kupaka rangi maishani.

Alimng'olesha mistari yote minne. Mama Riziki alilia waziwazi, akasema Muhindi huyu hana mama. Karani alisimama juu yake na mifuko yake ya plastiki miguuni mpaka mche wa mwisho, kisha akaniambia niandike kila kitu: kopo, rangi, majivu, nani kampa nani. "Tukiandika ni kosa," alisema. "Tusipoandika ni wizi." Mistari ile ikaanza kuhesabiwa upya miaka yake mitatu bila dawa, mingine ikaendelea, na ofisi ya cheti ikaturudishia barua kwamba kumbukumbu zetu ni za kuaminika. Jumamosi iliyofuata alimletea Mama Riziki mfuko wa maharage ya kilimo hai, akauweka kwenye tuta lake bila neno. Mama Riziki akauacha hapo mpaka saa nane mchana, ili na yeye auone ukali wake, halafu akaupanda.

Ndiyo maana siku ya leso nilisema huyu mzee ni yule yule tu. Anapenda karatasi kuliko watu. Barua ya ofisi ya cheti ilikuja baada ya wiki tatu. Neema alinisomea jikoni kwa Kiingereza, nami nikamwambia nisomee kama mtoto wangu, akajikokota na Kiswahili chake: vipande vyote sita vimeguswa na dawa, hesabu ya miaka mitatu inaanza upya.

Tulikwenda ofisini, sisi sita na Karani. Meneja wa ardhi ni Lorna. Namtaja kwa sababu yeye anatutaja sisi kila mwaka kwenye picha za ripoti yake, tumeshika mboga, tunacheka. Karani aliongea kwa upole, akaonyesha mkataba unaosema ofisi itawalinda wapangaji wake na dawa za majirani. Kwa hiyo, akasema, miaka mitatu ya hawa mama isihesabiwe kuwa wameshindwa. Waongezewe muda.

Lorna alikuwa na sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Alisema anasikitika sana. Alisema moyo wake uko nasi. Alisema kanuni ni kanuni na ikivunjwa kwetu itavunjwa kwa wote. Wote ni nani? Ni wale vijana wa mashamba ya ndani, wa katikati, wenye mbwa na digrii, Wazungu watupu, ambao dawa ya Derek haikuwafikia. Wao walipata cheti mwezi ule ule. Na Bwana Derek? Lorna alisema Bwana Derek ni jirani mwema wa muda mrefu na hawezi kumwingiza kwenye mabishano.

Nikamtazama Karani nikitegemea apige meza. Akasema, "Asante kwa muda wako."

Nje, kwenye maegesho, nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia: "Mimi nimekimbia watu wenye bunduki, Karani. Nilinusurika kwa kufunga mdomo kwenye majani, mtoto mgongoni, wakapita hatua kumi kutoka nilipolala. Wewe hujui faida ya kunyamaza kwa sababu hujawahi kuihitaji." Alikuwa anavua mifuko miguuni, ingawa pale palikuwa lami tupu. Alikuwa ameisahau tangu shambani.

Oktoba tulirudisha vipande. Mama Riziki alijaza ndoo udongo, akaondoka nayo kwa lifti hadi ghorofa ya kumi na tisa.

Mwaka ukapita sijamsemesha. Mama Riziki ndiye alinisukuma. Alisikia ameanguka, hatoki tena ndani. "Nenda," akasema. "Wewe umemsamehe aliyekuchomea nyumba, unashindwa kumsamehe Muhindi wa watu?"

"Aliyenichomea nyumba sijamsamehe."

"Basi kamwambie hivyo. Lakini nenda. Na umpelekee biskuti."

Nilikwenda Februari, theluji imejaa hadi magotini. Binti yake alinifungulia, akanipokea koti, akaniletea chai ya maziwa, akatuacha. Karani alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha na faili letu mapajani. Miguuni alikuwa na soksi. Miaka yote ile sikuwahi kumwona bila viatu. Miguu yake ilikuwa midogo kama ya mtoto wa shule.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, Mama Neema. Umechelewa. Nilikutegemea tangu Novemba ya mwaka juzi."

"Nilikuwa na hasira."

"Ilikuwa ya haki. Lakini uliiweka kwenye ukurasa usio wake."

Akafungua faili akanipa karatasi. Ilikuwa ramani ya shamba zima. Nilitambua barabara, ghala, bomba la maji. Mashamba ya ndani yameandikwa namba. Na kando ya uzio wa Derek, pale lilipo jasho langu la miaka mitatu, palikuwa pamechorwa mistari ya mshazari kutoka mwanzo hadi mwisho, na maneno mawili ya Kiingereza.

"Inasema nini?"

"Ukanda wa kinga." Akapumzika kidogo kupata pumzi. "Shamba la kilimo hai likipakana na mtu wa dawa, sheria inataka pawe na ukanda katikati, upokee dawa inayopeperuka. Kinachoota ndani ya ukanda hakiwezi kuuzwa kama kilimo hai. Hata kikiwa kizima. Hata bila upepo. Mita chache zingetosha, wao wamechora mpaka mwisho wa vipande vyenu. Hii ndiyo ramani waliyopeleka kuwaombea cheti wale wa ndani."

Nilichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilisimama. Sisi ndio tulikuwa uzio. Tulipewa vipande vile ili dawa ituishie sisi.

"Kwa hiyo cheti chetu…"

"Kisingekuja. Ungemficha mkaguzi lile jani, angesaini, halafu ofisi ya cheti ingeweka ramani mbili pamoja. Wangesema mmedanganya. Mlioficha majani mngekuwa ninyi, siyo wao."

"Uliipata lini ramani hii?"

Aliitazama theluji. "Mwaka wa pili."

Nikakaa tena.

"Nilikwenda kwa Lorna," akasema. "Akanipa chai. Akasema ni kosa la mchoraji, atarekebisha, nisiwatie hofu akina mama. Alisema mbele ya Derek, Derek akiwa pale kwa kazi zake, akacheka, akasema kwani hao wanauzia nani. Mimi nikacheka pia kidogo, kwa adabu."

"Ulimwandikia?"

"Hapana."

"Wewe?"

"Mimi. Nimeishi nchi za watu maisha yangu yote, Mama Neema. Mgeni akipewa chai na neno zuri, haombi karatasi. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyopona. Ulisema sijawahi kuhitaji kunyamaza." Akalifunga faili mapajani. "Dawa ilipokuja, nikaona nikimpa mkaguzi lile jani, litaandikwa. Litauliza mwenyewe: dawa ilitoka wapi, kwa nini hawa waliwekwa hapa. Nilitegemea jani lingesema nililoshindwa kusema. Halikuuliza chochote. Liliandikwa likafungwa."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, sitadanganya. Lakini ilikuwa imeinuka kwake, imesimama katikati ya chumba, inatafuta mlango.

"Leta daftari," akasema. "Andika."

Nina daftari kila mahali. Yeye ndiye aliyenifanya hivyo. Niliandika kama alivyosema: ramani, ofisi, Lorna, maneno yake, Derek, kicheko. Nikafika penye tarehe.

"Siku ipi, Karani?"

Akaanza kupekua faili, kurasa mbele, kurasa nyuma, na nikaona macho yake yanaogopa kama siku za nyuki. Hakuwa nayo. Yule mtu hakuwa na tarehe.

"Ngoja," nikamwambia. "Siku hiyo ulitoka ofisini ukaja shambani?"

"Nilikuja."

"Ulichelewa. Tulikuwa tumeshapakua ugali ukakataa kula, ukasema tumbo. Mama Riziki alivaa nyeusi. Ilikuwa wiki ya arobaini ya shemeji yake." Nikamvuta mkono, nikamshika kama ninavyowashika wazee ninaowaogesha kazini. "Kalenda ya kanisa iko wapi?"

Ilikuwa humo humo kwenye faili, nyuma, pamoja na biskuti. Tuliikuta: Jumatano ya mwisho ya Agosti. Niliandika. Akaweka sahihi chini kwa mkono mzuri wa karani wa ushirika, akafunga kalamu, akasema sasa limefanyika.

Hakuiona theluji ikiyeyuka. Tulikwenda kumzika wote sita, tukakaa nyuma, tumekunja mikono.

Mwezi uliopita nilipanda basi mpaka mwisho wake, nikatembea kwa miguu hadi shambani kuangalia. Mashamba ya ndani yamestawi, ubao wao una lile neno lenye wenyewe. Vipande vyetu sita vimeota nyasi. Hakuna aliyepewa. Nyasi tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama ilivyochorwa.

Lorna, barua yangu ya kwanza hukujibu, ya pili ulisema unasikitika. Sikuulizi kama unasikitika. Nakuuliza nani alichora ile mistari, na alipokuwa anaichora alijua au hakujua kwamba chini yake wapo watu. Na wewe Derek, uliyempa mwanamke mbegu kwa mkono mmoja: siku ile ya upepo uliona mahali tulipo, maana ulitupungia. Nataka jibu, kila mmoja kwa mkono wake. Nataka liandikwe. Na mweke tarehe.